Dawa Isiyokubali Kuulizwa: Mikutano ya Wanasayansi na Tiba ya Uraibu

Mnamo mwaka 1879, katika mji mdogo wa Dwight, jimbo la Illinois nchini Marekani, daktari mmoja aitwaye Leslie Keeley alitangaza kwamba amepata dawa ya kuponya ulevi na uzoevu wa afyuni. Dawa hiyo aliiita tiba ya dhahabu. Mgonjwa alikaa chini ya uangalizi kwa muda wa wiki nne, akidungwa sindano mara nne kwa siku, na baada ya hapo alihesabiwa kuwa amepona. Nyumba za matibabu za Keeley zilienea Marekani na kuvuka bahari hadi Ulaya, na matangazo yake yalijaa magazetini. Yeye mwenyewe alidai kuwa huponya watu 95 katika kila 100. Lakini madaktari wenzake walipomtaka aeleze ndani ya dawa ile mna nini, na wale 95 amewahesabuje, alikataa. Alifariki mwaka 1900 bila kuitoa siri hiyo.

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, hatuna haki ya kusema kwamba dawa ya Keeley ilikuwa mbaya kwa sababu tu ya matangazo yake. Kosa lake kubwa lilikuwa jingine: haikukubali kuulizwa. Na dawa isiyokubali kuulizwa haiwezi kuitwa dawa njema wala mbaya. Ni uvumi tu.

Katika makala haya tutaeleza jinsi wanasayansi wanaochunguza tiba ya uraibu wanavyokutana na kuulizana maswali, kwa nini maradhi haya yanahitaji mikutano hiyo kuliko mengi mengine, na jinsi tiba moja iliyopita katika tanuri la maswali ilivyofika hadi mwambao wetu wa Afrika Mashariki.

Uraibu na ugumu wa kuupima

Neno uraibu si geni kwa watu wa pwani. Hapo kale lilitaja mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ambao watu waliutafuna barazani. Leo wataalamu wamelichukua na kulipa maana pana zaidi: hali ya mtu kushikwa na kileo hata akaendelea kukitumia ilhali anaona wazi kuwa kinamharibia afya, kazi na jamaa zake.

Tuchukue mfano wa heroini, ambayo vijana wa mijini huiita unga. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani na Uswidi walithibitisha kuwa katika ubongo wa mwanadamu mna vipokezi maalumu ambavyo dawa za jamii ya afyuni hunasa juu yake, mithili ya ufunguo katika kitasa. Heroini huingia kwa haraka na kuondoka kwa haraka. Baada ya saa chache tu mwili ulioizoea huanza kudai: jasho, kuhara, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi na hofu. Mateso hayo ndiyo ambayo watumiaji wa Dar es Salaam na Mombasa huyaita arosto. Mtu aliye katika arosto hatafuti starehe, anatafuta nafuu.

Sasa tuulize: daktari akidai kuwa ameponya uraibu, tutajuaje kama asema kweli? Hapa pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kwamba uraibu hupanda na kushuka. Aghalabu mtu huja kutafuta tiba wakati hali yake imefikia ubaya wa mwisho. Kwa kuwa hali mbaya kupita kiasi mara nyingi hufuatwa na nafuu kidogo, dawa yoyote atakayopewa wakati huo, hata maji matupu, yaweza kuonekana kuwa imefanya kazi.

Mtego wa pili ni hesabu. Wagonjwa waliorudia unga huona haya kurudi kwa daktari. Wanaorudi kushukuru ni wale waliopata nafuu. Daktari akiwahesabu wanaorudi peke yao, atasadiki kwa moyo mweupe kwamba amewaponya karibu wote. Huenda hata Keeley hakuwa mwongo. Yawezekana alihesabu walioonekana na kuwasahau waliotoweka.

Mtego wa tatu ni mapenzi ya mganga kwa dawa yake. Mwaka 1884, Sigmund Freud wa Vienna, akiwa bado daktari kijana, aliandika makala ya kuisifu kokeini, akidhani kuwa yaweza kuwaokoa walioshikwa na mofini. Alimpa rafiki yake, Ernst von Fleischl-Marxow, mtaalamu wa maumbile aliyekuwa akitumia mofini kwa sababu ya maumivu makali ya mkono. Rafiki yule hakuokoka. Alishikwa na kokeini pia, na alifariki mwaka 1891. Freud alikuwa na akili nyingi na nia njema. Alichokosa ni kundi la wagonjwa wa kulinganisha, na wenzake wa kumwuliza mapema: “Umejuaje?”

Baraza la wanaouliza

Ni kwa ajili ya mitego hiyo kwamba vyama vya wataalamu vilianzishwa. Mwaka 1870 madaktari wa Marekani walikutana mjini New York na kuunda chama cha kuchunguza ulevi na tiba yake. Mwaka 1884 daktari Norman Kerr alianzisha chama cha namna hiyo mjini London, na jarida lake lingali likichapishwa hadi leo. Mwaka 1929 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliteua kamati ya kuchunguza uzoevu wa dawa za kulevya. Kamati hiyo baadaye ilikua ikawa chuo cha wataalamu ambacho hufanya mkutano mkubwa kila mwaka.

Je, katika mikutano kama hiyo hufanyika nini hasa? Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, mtafiti hupeleka ikisiri, yaani muhtasari wa kurasa chache au hata aya chache, akieleza swali alilouliza, watu aliowachunguza, njia aliyotumia na matokeo aliyopata. Wataalamu wengine huusoma na kuukubali au kuukataa. Waliokubaliwa hupangwa katika makundi mawili. Baadhi huzungumza ukumbini kwa dakika kumi au kumi na tano, na dakika chache huachwa kwa maswali. Wengine hubandika mabango yao ukutani na kusimama kando yake, na yeyote apitaye aweza kusimama na kuhoji. Kadhalika ni desturi siku hizi kila mzungumzaji aanze kwa kutaja ni nani aliyemlipia utafiti wake, ili wasikilizaji wajue kama mwenye dawa ndiye aliyemlipa mpimaji.

Maswali yenyewe ni machache na hurudiwarudiwa. Ulianza na watu wangapi, na mwishoni wamebaki wangapi? Walioondoka umewahesabu wapi? Uliwalinganisha na nani? Ni nani aliyeamua nani apewe dawa na nani asipewe? Aliyepima matokeo alijua ni nani aliyepewa? Mwanafunzi wa sekondari aweza kuyaelewa maswali haya yote, na hayo ndiyo yaliyomshinda Keeley.

Safari ya methadoni

Methadoni ni dawa iliyotengenezwa maabarani nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa ajili ya kutuliza maumivu. Yenyewe ni ya jamii moja na heroini, lakini tabia yake ni tofauti. Ikinywewa huingia mwilini polepole na kukaa muda mrefu, hata dozi moja hutosha kwa siku nzima. Hivyo hushika vile vipokezi vya ubongo bila kumpandisha mtu juu na kumwangusha chini mara nne kwa siku.

Mwaka 1964 Vincent Dole na Marie Nyswander, wakisaidiwa na daktari kijana Mary Jeanne Kreek, waliijaribu kwa watu walioshikwa na heroini mjini New York. Mwaka 1965 walichapisha taarifa ya wagonjwa 22. Wagonjwa hao walikuwa wametulia, wengine wamerudi shuleni au kazini. Upinzani ulikuja mara moja. Wengine walisema kuwa huku ni kuondoa dawa moja ya kulevya na kuweka nyingine. Lakini wapo waliouliza swali la kisayansi zaidi: watu 22 waliochaguliwa, bila kundi la kulinganisha, wanathibitisha nini?

Swali hilo lilistahili jibu, na mojawapo ya majibu yaliyo maarufu lilitoka Hong Kong. Mwaka 1979 Robert Newman na mwenzake walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la watu 100 waliokuwa wakitumia heroini. Wote walipewa methadoni kwa muda wa wiki mbili hospitalini. Kisha waligawanywa kwa bahati, 50 kwa 50. Kundi la kwanza liliendelea na methadoni. Katika kundi la pili dozi ilipunguzwa miligramu moja kila siku hadi ikaisha, na baada ya hapo walinywa kinywaji kisicho na dawa. Wagonjwa hawakujua wamo katika kundi lipi, wala waliowahudumia hawakujua.

Baada ya wiki 32, katika wale 50 waliopewa methadoni walibaki katika matibabu 38. Katika wale 50 wengine walibaki 5. Baada ya miaka mitatu, katika kundi la kwanza walikuwapo 28, na katika kundi la pili mtu mmoja tu. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa bahati, wala kwa mgonjwa kuja akiwa katika hali mbaya, kwa sababu makundi yote mawili yalikuja kwa hali moja na yalihesabiwa kwa njia moja.

Yafaa ikumbukwe kwamba jaribio kama hilo lingekuwa gumu kuruhusiwa leo. Azimio la Helsinki, ambalo lilipitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, linawalinda wanaofanyiwa majaribio. Tiba ikishajulikana kuwa inasaidia, kumnyima mgonjwa ili kumlinganisha ni jambo linalohitaji sababu nzito mno. Kwa hiyo swali nalo lina wakati wake: lisipoulizwa mapema, huenda baadaye lisiweze kuulizwa tena kwa njia hiyo.

Maswali hayakuishia hapo. Mwaka 2009 wataalamu walikusanya majaribio 11 ya methadoni yenye jumla ya watu 1,969. Walithibitisha kuwa methadoni huwabakisha watu katika matibabu na hupunguza matumizi ya heroini kuliko tiba zisizotumia dawa ya namna hiyo. Lakini kuhusu vifo walikiri kwamba majaribio hayo hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kifo ni tukio la nadra, na makundi yalikuwa madogo. Ilibidi watafiti wengine wafuatilie watu wengi zaidi kwa miaka mingi. Mwaka 2017 yalichapishwa majumlisho ya takwimu za watu zaidi ya 122,000 waliotumia methadoni. Walipokuwa ndani ya matibabu walikufa watu 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya matibabu walikufa 36.1. Uwiano huo wazidi mara tatu. Hapo ndipo ilipoonekana wazi gharama ya kumfukuza mgonjwa kliniki kwa kosa dogo.

Kutoka ukumbini hadi Muhimbili

Heroini iliingia katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Hapo mwanzo wengi waliivuta. Baadaye desturi ya kujidunga ilienea, na pamoja nayo virusi vya UKIMWI kwa njia ya sindano za kushirikiana. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani walikwenda katika vijiwe vya Dar es Salaam kuwasikiliza watumiaji wenyewe, na matokeo yao yalianza kuchapishwa katika majarida ya kimataifa mnamo mwaka 2005. Katika mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini katika orodha ya dawa muhimu.

Visiwa vya Morisi vilianza kutoa methadoni mwaka 2006. Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikiwa ya kwanza ya umma katika Afrika Bara, kusini mwa Sahara. Hospitali ya Mwananyamala ilifuata. Kenya ilianza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, na Zanzibar ilianza mwaka 2015.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mwambao wetu haukubaki kuwa mpokeaji tu. Waliohudumiwa Muhimbili walihesabiwa tangu siku ya kwanza, walioondoka pamoja na waliobaki. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba, katika watu 629 waliojiandikisha kuanzia Februari 2011 hadi Januari 2013, asilimia 57 walikuwa wangali katika matibabu baada ya miezi 12. Tena ilionyesha kuwa waliopewa dozi kubwa zaidi walibaki zaidi kuliko waliopewa dozi ndogo. Hilo ni jibu kwa swali la daktari yeyote ulimwenguni anayesitasita kuongeza dozi. Mwezi Desemba 2018 mji wa Nairobi ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa kinga na tiba ya uraibu, na wauguzi, washauri na madaktari wa Afrika walikaa pamoja na wenzao wa mabara mengine.

Ukumbi usio na kuta

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga kumbi karibu zote. Hata mkutano wa kila mwaka wa kile chuo kilichotokana na kamati ya 1929 ulifanyika kwa njia ya intaneti. Tangu wakati huo webina, yaani semina ya mtandaoni, imekuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya wataalamu.

Faida yake kwetu ni kubwa. Kwenda mkutanoni ng'ambo kunadai nauli, viza, malazi na ada ya kiingilio. Muuguzi wa Tanga au wa Malindi si rahisi kuvipata vyote. Webina humfikia kazini kwake. Kikao kikianza saa tatu asubuhi mjini New York mwezi Juni, Dar es Salaam ni saa kumi alasiri, wakati ambapo dozi za siku zimekwisha kutolewa.

Lakini hasara zake nazo yafaa zitajwe. Umeme hukatika na mtandao hudorora. Hakuna tena ule mnong'ono wa nje ya ukumbi, wakati wa chai, ambapo mtafiti humwambia mwenziwe jambo ambalo hakuthubutu kulisema jukwaani. Zaidi ya hayo, katika webina nyingi maswali huandikwa na kupelekwa kwa mwendeshaji, naye huchagua yapi yasomwe. Mwendeshaji akiwa mwadilifu, hakuna tatizo. Akiwa ni mwakilishi wa kampuni yenye kuuza dawa, basi Keeley amerudi, safari hii akiwa na kamera na kipaza sauti.

Isitoshe, hata mkutano ulio bora una udhaifu wake. Mapitio makubwa yaliyotolewa mwaka 2018 yalikuta kwamba, katika ikisiri zaidi ya 300,000 zilizosomwa katika mikutano ya tiba na sayansi nyinginezo, ni takriban 37 tu kwa kila 100 zilizokuja kuchapishwa kikamilifu, na zile zenye matokeo mazuri ndizo zilizopata nafasi zaidi. Kwa hiyo anayesikia habari njema mkutanoni asikimbilie kuibadilisha kliniki yake kesho yake. Mkutano ni mahali pa kuanza kuulizana, si mahali pa kumaliza.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Pengine msomaji atasema kuwa mambo haya ni ya madaktari. Sivyo. Katika miji yetu zimo familia zenye kijana aliyeshikwa na unga. Majirani humwita teja na kumpita. Wazazi huuza shamba au mashine ya kushonea ili kumlipa mtu anayeahidi kumponya kwa siku saba. Anayewasaidia wazazi hao kuuliza huenda akawa ni mtoto wao aliye kidato cha tatu: Umewatibu wangapi? Baada ya mwaka mmoja wako wapi? Ndani ya dawa mna nini? Mganga wa kweli, awe wa hospitali au wa miti shamba, hatakasirika kwa maswali hayo. Na ataeleza pia madhara: hata methadoni, ikitumiwa bila uangalizi au kwa dozi kubwa ghafla, yaweza kuua, na ndiyo maana hunywewa mbele ya mhudumu.

Twawapendekezea walimu wa sayansi wafanye mkutano mdogo darasani. Wanafunzi wapime mapigo ya moyo yao wakiwa wamekaa. Kisha wagawanywe kwa kura: nusu wanywe kikombe cha kahawa, nusu kikombe cha maji ya moto. Baada ya nusu saa wapime tena. Kila kundi liandike ikisiri yake, mwanafunzi mmoja azungumze kwa dakika kumi, na dakika tano zitolewe kwa maswali. Bila shaka kutatokea mmoja atakayesimama na kusema: “Lakini aliyekunywa kahawa alijua kuwa anakunywa kahawa!” Mwalimu asimnyamazishe. Aliulize darasa zima lifanye nini ili kuondoa kasoro hiyo, kisha jaribio lirudiwe wiki ifuatayo.